Kibali cha Uani

Karani wa vibali ana mazoea yake ambayo mtaa mzima unayajua: kabla ya kugonga mhuri, huuinua hadi mdomoni na kuupulizia pumzi ya moto, haa, kama mtu anayefuta miwani. "Bila pumzi haushiki," husema, kisha gonga, nawe umepata kibali. Ugonjwa ulipoingia, mlango wa ofisi ulibandikwa matangazo mawili. Moja lilisema ofisi imefungwa. La pili lilisema hakuna kuvuka kizuizi cha polisi bila kibali cha ofisi hiyo. Tulisoma tukacheka, kisha kicheko kikatuishia.

Asubuhi ile mkunga alifika akihema, ana mzazi mwenye uchungu ng'ambo ya kizuizi. Karani, aliyeachwa ndani kulinda mafaili, alimtazama mara moja tu, akaipitisha meza yake dirishani, nasi wa kwenye foleni tukaipokea uani, naye akaifuata. Simu yake ikalia. "Nani kakuruhusu kufungua ofisi?" Sauti ya mkuu wake tuliisikia sote. "Ofisi imefungwa, mzee," akajibu kwa upole. "Mimi niko uani." Akashusha barakoa, mhuri ukaelekea mdomoni. Foleni nzima ikaruka nyuma. "Mama, usipulize!" Akaganda. Mkunga alikuwa akirukaruka kama aliyekanyaga siafu. Ndipo macho ya karani yakatua kwenye chupa ya dawa ya kutakasia mikono. Akadondosha tone moja juu ya mpira mkavu wa mhuri, akapandisha barakoa, akagonga. Alama ikakolea kuliko zote nilizowahi kuziona. Alipoinua kichwa aseme, "Kimbia, mwanangu," mkunga alishafika kizuizini, karatasi juu, wino haujakauka.