Mawe Matatu Kutoka Kangema

Simiti mbichi ina harufu yake. Si nzuri wala si mbaya. Ni kama harufu ya mvua iliyonyesha juu ya jivu. Mwezi uliopita fundi alikuja kusakafia kaburi la baba, na alipomwaga maji na kuanza kugeuza mchanganyiko kwa sepetu, harufu ile ilinifikia pale nilipokuwa nimeketi. Watu waliniona nikifuta macho wakanihurumia. Sikuwaeleza kwamba nilikuwa nacheka. Nitawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ambao kila kitu chetu kilinuka hivyo: nguo, blanketi, hata uji. Baba alikuwa amepata shamba karibu na Mweiga, na ndani yake kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe, iliyojengwa zamani kwa ajili ya msimamizi wa ng'ombe wa mzungu. Mzungu alikuwa ameenda, msimamizi ameenda, na aliyetuuzia alikuwa ameigeuza ghala la viazi. Tulipofungua mlango mara ya kwanza, viazi vilivyosahaulika pembeni vilikuwa vimeota machipukizi marefu meupe, yakipanda ukutani kutafuta dirisha. Mama alisimama pale mlangoni, akaangalia machipukizi, akaangalia panya aliyekuwa akituangalia, akamwambia baba, "Baba Nyambura, hii ni nyumba ama ni adhabu?"

Baba alicheka. "Ni nyumba. Imelala tu. Tutaiamsha."

Tuliiamsha kwa miezi mitano. Paa lilikuwa la vipande vya mwerezi, vyeusi kwa uzee, na tulivishusha vyote ili kuweka mabati. Vilipowashwa jioni vilitoa harufu tamu mpaka njaa ikauma. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza, zikang'olewa, na chini yake tukapata kiatu cha farasi, chupa tatu, na viroboto wengi kuliko watu wa Mweiga wote. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha misumari. Baba hakutupa msumari hata mmoja. Nilikaa juu ya jiwe nikiigonga na nyundo ndogo, na vidole vyangu viligongwa sana pia.

Fundi wetu aliitwa Wahome. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aliongea tangu alipofika mpaka alipoondoka. Siku ya kusafisha bomba la moshi, baba alipanda juu ya paa na gunia lililofungwa kamba, ili alishushe ndani na kusukuma viota vya ndege. Wahome alikuwa chini, kwenye meko ya ukutani ya sebuleni, akingojea.

"Fundi, unaona kitu?" baba aliuliza kutoka juu.

Wahome akaingiza kichwa ndani ya bomba atazame vizuri. "Naona wewe!" alijibu, na papo hapo masizi ya miaka yote yakamshukia. Alitoka akiwa na macho na meno tu. Alikohoa wingu jeusi, akaanza kuongea hapo hapo, na mama alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Lakini haya yote, kuta za chokaa na madirisha ya vioo, baba hakuyafanya kwa ajili yetu peke yetu. Alitaka kumleta mama yake.

Shosho alibaki peke yake Kangema, kwenye kishamba chenye mteremko mkali, katika nyumba iliyovuja. Jina lake pia lilikuwa Nyambura, kwa maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndiyo sababu baba hakuniita kwa jina langu. Aliniita "mami". Mtu hawezi kumfokea mama yake, na jambo hilo liliniokoa mara nyingi. Mimi nilimpenda shosho kupita kiasi. Nilitaka alale kitanda kimoja na mimi mpaka nizeeke, na sikuona kwa nini mpango huo ungekuwa na shida.

Baba alimfuata kwa pikapu ya kukodi. Shosho alishuka mlangoni petu akiwa na kiondo kimoja kilichofungwa kwa kamba, na gunia ambalo baba na Wahome walilibeba wawili wakiguna.

"Mama, ni nini iko ndani hapa?" Wahome aliuliza.

"Mawe," alisema shosho.

"Mawe? Kutoka Kangema? Hapa Mweiga tuko na mawe mpaka tunagawia majirani!"

"Hayo ni yenu. Haya ni yangu."

Yalikuwa mafiga yake matatu. Mama mkwe wake alimwonyesha mahali pa kuyapanda siku alipoolewa, na chakula chote alichokula baba utotoni kilipikwa juu yake. Yalikuwa meusi, laini upande mmoja kama kisigino. Aliamuru yawekwe nje, chini ya dirisha, ndani ya gunia lao. "Nimekuja kuangalia tu," alisema. "Mvua ikianza nitarudi kupanda maharagwe yangu."

Alisema hivyo kila siku. Kila asubuhi alifungua kiondo, akatoa leso, akakifunga tena kwa mafundo mawili. Nilimtengea msumari ukutani, niliounyoosha vizuri kuliko yote, atundike nguo zake. Aliusifu sana, na hakutundika kitu. Mimi nilianza kuangalia mawingu juu ya milima ya Nyandarua kama adui.

Siku moja Wahome aliishiwa na mawe ya kujaza chini ya kizingiti. Alitazama huku na huku, akaliona gunia, na alikuwa amenyanyua nyundo juu ya figa la kwanza wakati shosho alipotokea kona ya nyumba. Sijawahi kusikia sauti kama ile.

"Wewe! Ukipiga hiyo jiwe, umenipiga mimi!"

Wahome aliliweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Tangu siku hiyo alikuwa akilisalimu lile gunia akipita. "Hamjambo, wazee?"

Baba alikuwa na mpango wake. Nyuma ya nyumba alimjengea shosho jiko la mbao, kubwa, lenye dirisha la kutazama Mlima Kenya asubuhi ukiwa wazi. Jumamosi shosho alipoenda kwa mkutano wa akina mama kanisani, yeye na Wahome walipiga sakafu ya simiti, wakaipaka rangi nyekundu, wakaisugua mpaka ikawa kama kioo. Shosho aliporudi, baba alimshika mkono akampeleka. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyeleta cheti cha shule.

Shosho alisimama mlangoni. Alivua viatu kabla ya kuingia. "Ni safi sana, Ndirang'u," alisema. "Inang'aa kama sahani. Mungu akubariki."

Jioni ile alikifunga kiondo kwa mafundo matatu.

Nilimwuliza tukiwa kitandani. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema dhambi ya mwingine. Figa halikalii simiti. Figa hupandwa kwenye udongo, nusu yake iingie ndani kama mzizi wa nduma, ndipo lishike. Ukiliweka juu ya simiti litatembea, na sufuria itamwagika, na nyumba ambayo sufuria yake inamwagika haina mwenyewe.

"Wahome anaweza kuvunja katikati," nilisema.

"Avunje kazi ya mtoto wangu? Na vile ameisugua? Lala."

Asubuhi nilimfuata baba. Alikuwa akipigilia fremu ya dirisha. Nilimwambia yote. Hakunigeukia. Alimaliza msumari ule, akachukua mwingine, akaushika muda mrefu bila kuupiga.

"Mami," alisema hatimaye, "usimwambie kwamba umeniambia."

Ni hayo tu. Niliona amelipuuza jambo langu, nikamchukia kwa siku mbili.

Wiki hiyo waliingia sebuleni. Wahome alipiga sakafu kutoka mlangoni mpaka ukutani, lakini alipofika kwenye meko, pale tulipokuwa tumeng'oa mawe yaliyopasuka na kubaki na udongo mtupu, baba alimwambia aache.

"Simiti imeisha," alisema.

"Simiti iko, baba," nilisema mimi. "Nimeikalia." Na ni kweli nilikuwa nimekalia mifuko miwili mizima, hata haijafunguliwa.

Baba alinitazama kwa jicho ambalo mtu hamtazami nalo mama yake. "Hiyo ni ya choo."

Siku ya tatu, mbingu za Nyandarua zikiwa nyeusi, alitangaza kwa sauti iliyofika mpaka zizini kwamba anaenda Nyeri kutafuta vigae vya kuziba ile sehemu ya meko, na kwamba huenda akachelewa. Alipoondoka tu matone ya kwanza yakaanguka kwenye mabati mapya. Nilianza kulia. Shosho aliketi sebuleni na kiondo chake miguuni, akisikiliza mvua. Macho yake yalikuwa kwenye meko, kwenye ule udongo. Aliinuka, akachutama, akauchukua kidogo, akaufinya kati ya vidole.

"Mama Nyambura," alimwita mama. "Bwana yako akikuta mtu amechimba nyumba yake, atakasirika sana?"

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Akikasirika atakula chakula baridi."

"Nyambura," shosho akaniambia, "lete jembe."

Tuliyabiringisha yale mawe ndani moja moja, watatu sisi, tukilowa mvua na kucheka kama wezi. Shosho alichimba mwenyewe. Alilipanda la kwanza, akaligeuza upande laini utazame ndani, akalisimamia kwa mguu likakataa kutikisika. Mimi nilishindilia udongo wa la pili. La tatu alilipanda mama. Tuliwasha moto kwa vipande vya mwerezi vya paa la zamani, na moshi ukasita, ukatuingia machoni, kisha ukakumbuka njia na kupanda ndani ya bomba kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi.

Baba alirudi amelowa chapachapa. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka puani. Hakuwa na vigae. Alikuwa amebeba kichwani sufuria mpya, kubwa mno, ambayo isingekaa juu ya jiko la makaa la mama hata kwa maombi.

"Nani amechimba nyumba yangu?" aliuliza kwa ukali.

"Ni mimi," shosho akasema, uso mweusi kwa masizi. "Nichape."

Baba alijaribu kushikilia ule ukali. Mdomo ulimtetemeka, akashindwa, akaangua kicheko mpaka sufuria ikamwanguka na kuzunguka sakafuni ikilia kama kengele ya shule. Githeri ya kwanza, mahindi na maharagwe, ilipikwa ndani yake siku ile ile. Nilipoingia kulala nilikuta leso na gauni la shosho vimetundikwa kwenye msumari wangu.

Aliishi nasi miaka kumi na minne. Mchungaji alipokuja kuibariki nyumba alipewa kiti cha heshima karibu na meko, nayo githeri ilichemka maombi yote, na nadhani ndiyo iliyoyafupisha. Lile jiko la sakafu nyekundu likawa la ndama. Hakuna ndama aliyewahi kulala mahali pazuri vile.

Na choo? Choo chetu kilibaki cha mbao mpaka nilipoolewa. Kwa miaka yote hiyo nilikitumia, nikasikia mbao zikilalamika chini yangu, na haikuniingia akilini hata siku moja kujiuliza ile simiti ilienda wapi. Ilibidi baba afe, na fundi mwingine asimame mbele yangu na mwiko mkononi, ndipo nielewe. Baba alikuwa amekosea kwa ile sakafu nyekundu, na hakuweza kumwambia mama yake achimbe. Mama yake hakuweza kumwomba. Basi akamwachia mahali pa udongo pa kutosha mawe matatu, akaenda Nyeri kwenye mvua ili asiwe nyumbani.

Fundi alipofika kichwani mwa kaburi nilimwambia aache hapo wazi, upana wa karai.

"Kwani simiti imeisha, mama?" aliuliza.

Mimi sina kipaji cha baba cha kusingizia. "Iko," nilisema. "Nimeikalia. Lakini hapo uache udongo."