Kofia Niliyoiweka Dau

Nakumbuka alasiri ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani, mwanangu, nikiwa kijana wa chuo kikuu niliyerudi Mombasa likizoni na kichwa kilichovimba kwa hesabu. Tulikuwa tumekaa barazani, mtaa wa Ndia Kuu, mimi na rafiki yangu Athmani, mchonga milango, tukibishana iwapo kesho ni Idi.

"Mwezi utaandama leo," nilisema. "Nimepiga hesabu."

"Msomi, hesabu zako zimewahi kufukuza wingu?" Athmani alinicheka. "Kama una hakika, weka dau. Au hakika yako ni ya mdomoni tu?"

Neno hilo, dau, utalisikia kila pembe ya mji wetu. Kijana huliweka juu ya mpira kwa simu yake. Mnadani wanunuzi hulipandishiana. Na fundi akianza kugombaniwa na watu, husemwa dau lake limepanda. Nilizijua maana zote hizo. Nilidhani nazijua.

"Niweke nini?" nikauliza.

"Ile kofia ya Idi."

Bibi yangu alikuwa akiishona kofia hiyo kwa mkono tangu mwezi wa Maulidi, tundu baada ya tundu, akiielekeza dirishani apate nuru, mpaka akanikabidhi wiki hiyo. Alikuwa amekwisha kuniambia kwamba ndiyo ya mwisho, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaioni tena njia ya uzi. Hayo niliyajua, mwanangu, sitakuficha. Nikaiweka.

Tulikwenda magharibi mwa kisiwa, upande wa Kibarani, enzi hizo jaa la taka, tukaziba pua na kukodoa macho. Wingu likatanda mpaka jua likazama. Tulipokuwa tukifuturu, redio ikatangaza kuwa mwezi haukuonekana, tukamilishe thelathini. Usiku huo nikampa Athmani kofia, Bibi asijue. Mchezea zuri, baya humfika.

Asubuhi ya Idi Athmani alikuja kumpa Bibi mkono, kofia i kichwani mwake. Bibi alimsogelea, akaupapasa ukingo wa kofia. Vidole vyake vikaitambua kabla ya macho.

"Imekukaa vyema, mwanangu," alisema.

Athmani akaivua haraka. "Bibi, tulikuwa twatania tu. Ichukue."

"Ivae. Aliyeweka ameshaweka." Kisha akanigeukia. "Na wewe, msomi, waweka dau mato yasiyokuwa yako?"

Nikayatazama macho yake, hayo aliyoyaita mato.

"Dau ni kitu ulichokubali kukikosa," aliendelea, bila kupandisha sauti. "Wewe ulikubali kuikosa miezi yangu sita kabla wingu halijafika. Usiusingizie mwezi."

Nililia, nami nilikuwa mwanamume mwenye ndevu. Bibi akaniacha nilie kidogo, halafu akapigapiga mkeka kando yake, akiniita nikae. "Ndoo hapa. Utanitungia uzi."

Kila alasiri ya likizo ile nilimtungia uzi. Siku ya nne akanitia sindano mkononi, akaniongoza kwa kidole, akiyacheka maua yangu yaliyopinda. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. Hakuwahi kushona nyingine peke yake. Ile ya mwisho Athmani huivaa kila Idi, nami huitazama nikiwa na hii yangu iliyopinda, ambayo tuliishona wawili, na ambayo sijapata kuiweka popote ila kichwani.

Basi, mwanangu, sikwambii usiwe na hakika ya mambo. Kijana asiye na hakika hafiki mbali. Nakwambia hivi: kabla hujasema "naweka," kitazame kile kitu na ujiulize kilishonwa kwa macho ya nani. Ada ya shule ina mgongo wa baba ndani yake. Jina lako zuri lina dua za mama. Hivyo si vyako peke yako, na mwenzio hana makosa akivichukua, maana wewe ndiwe uliyekubali kuvikosa. Na ukiwa umekwisha kuteleza, usijifiche. Rudi mkekani, utunge uzi.

Mola akupe mikono inayojua kushona, akuruzuku mkuu wa kukukaripia bila kukufukuza, na kila Idi ikukute na kitu kichwani ulichokitolea jasho. Amin.