Homa ya Maziwa Mabichi

Kabla ya kuugua niliweza kubeba sanduku la vitabu peke yangu, kutoka kwenye lori hadi darasani, bila kupumzika. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli. Lililetwa Garissa kila muhula pamoja na msafara wa jeshi, kwa sababu malori ya kawaida yalikuwa yameacha kuja tangu vita vianze. Mimi ndiye niliyelitunza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu Kampala, nafundisha hesabu na sayansi. Nilibishana na kila mtu: na sheikh kuhusu kupatwa kwa mwezi, na mwalimu mkuu kuhusu viboko, na askari wa kizuizi cha barabarani kuhusu nani aitwe shifta, yaani mwasi, na nani asiitwe. Hooyo, mama yangu, aliniambia, "Ulimi wako utatuzika sote."

Kitu kimoja sikuwahi kukitilia shaka. Hooyo alikuwa amekuja kutoka Tarbaj na ngamia majike wanne, ndio waliosalia baada ya wengine kuchukuliwa katika operesheni ya jeshi. Kila asubuhi alinipa maziwa katika chombo kilichofukizwa moshi, nami nikayanywa yangali na joto la kiwele. Kwetu maziwa ya ngamia hayachemshwi. Ukiyachemsha, chuchu za ngamia hupasuka na maziwa hukauka. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na digrii haikuligusa.

Homa ilianza kama uchovu. Kisha viungo vikauma, goti leo, bega kesho. Nikatoka jasho lililolowesha godoro, lenye harufu ya majani yaliyooza. Hospitalini nilipewa klorokwini. Siku kumi nikapata nafuu, nikajiona mjanja. Homa ikarudi. Nikapewa klorokwini tena. Ikaondoka, ikarudi, na safari hii ikaingia mgongoni, chini kabisa, nikawa nashika ukuta ili nisimame. Abti, kaka yake mama, akaja na chuma cha moto, akanichoma mgongoni mara sita. Makovu ninayo. Maumivu yalibaki palepale, ila sasa yalikuwa na vidonda juu yake.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa korodani moja ilivimba ikafika ukubwa wa limau. Hilo sikumwambia mtu. Nilitembea nimetanua miguu, wanafunzi wakacheka, nikawapa hesabu ngumu.

Daktari wetu aliitwa Musyoka, Mkamba mfupi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wodi yake ilijaa watu wa risasi na watu waliokanyaga mabomu ya barabarani. Nilipomwendea mara ya nne hakuinua kichwa. "Malaria, mwalimu. Anayefuata!"

Muhula huo, nikiwa siwezi hata kulisogeza sanduku, nilikaa sakafuni kando yake nikaandika orodha ya vitabu. Chini kabisa kulikuwa na kijitabu cha utafiti wa mifugo. Kurasa zake bado zilikuwa zimeshikana pembeni. Hakuna aliyewahi kuzikata. Nilizikata kwa wembe. Mtafiti alikuwa amepita nchi yetu kabla ya vita, akapima damu ya mbuzi na ngamia waliokuwa wakitupa mimba, kisha damu ya wachungaji wao. Wachungaji hao walikuwa na homa inayopanda na kushuka kama mawimbi, jasho, mgongo, na uvimbe ule niliokuwa naficha. Chanzo alichokitaja zaidi kilikuwa maziwa mabichi. Tiba yake ilikuwa dawa mbili kwa pamoja.

Nilikasirika kabla ya kufurahi. Mtu alichukua damu ya watu wetu, akapata jibu, akaliandika kwa ajili ya madaktari wa ng'ombe, na jibu likarudi kwetu ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Lakini mimi siamini kitu kwa sababu kimechapishwa. Nilichukua kutoka maabara ya shule kipimajoto cha homa, cha Farenhaiti, nikajipima asubuhi na jioni kwa wiki tano, nikaweka nukta kwenye karatasi ya miraba na kuziunganisha. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Siku ya mwisho ulikuwa unapanda. Nikaukunja, nikauweka mfukoni pamoja na kijitabu na kipimajoto, nikaenda hospitalini kwa miguu.

Kizuizini koplo alinipekua. "Mwalimu mbishi! Leo unatembea kama bata. Umeficha nini huko katikati?"

"Ugonjwa."

"Na hii?" Alikuwa ameikunjua karatasi. Uso wake ukabadilika. "Hii ni milima gani?"

"Si milima. Ni homa yangu."

"Homa ina milima? Na hizi namba? Saa ngapi, wapi, bunduki ngapi? Lala chini!"

Nililala kifudifudi mchangani, buti likiwa juu ya makovu ya abti. Nilijua watu waliochukuliwa hapo kizuizini wasirudi, kwa sababu ndogo kuliko karatasi. Sikubishana. Kwa mara ya kwanza maishani nilitafuta sentensi fupi kuliko zote. Nikasema, "Afande, nipimeni. Mstari unasema leo nitafika mia moja na tatu. Nikikosea, fanyeni mtakavyo."

Sajini alitoka kibandani, akaitazama karatasi, akanitazama. Akakitikisa kipimajoto yeye mwenyewe, akakitia chini ya ulimi wangu. Tukangoja. Koplo alinielekezea bunduki muda wote huo, nami nikafunga mdomo kwa nguvu nikiogopa kukivunja kwa meno, maana nilikuwa natetemeka. Nikafikiri: kama leo homa imeamua kupumzika, nimekufa kwa ajili ya grafu.

Sajini alikichomoa, akakigeuzageuza juani mpaka akaiona zebaki. "Mia moja na tatu kasoro kidogo," alisema. Koplo akasema kasoro ni kasoro. Sajini akamwambia, "Nyamaza wewe, mtu anaungua." Lakini hakuniachilia. Alinipakia kwenye Landrova, akanipeleka kwa Daktari Musyoka, akaiweka karatasi mezani. "Daktari, hii ni ramani au si ramani?"

Basi daktari aliyekataa kunitazama aliitazama homa yangu kwa sababu jeshi lilimwamuru. Aliitazama kwa muda mrefu. "Nani amechora hii?"

"Mimi."

"Vua suruali."

Sajini akageukia dirisha. Daktari alinipapasa, nikapiga kelele. Kisha akasoma kijitabu akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, huku watu wakimwita kutoka wodini. "Hiki ni cha mifugo," alisema.

"Na mimi ninakunywa wapi, daktari, kama si kwa mifugo?"

Alikaa. "Sikiliza. Streptomaisini niliyo nayo ni ya wagonjwa wa kifua kikuu. Nikikupa wewe, namnyima mwingine. Sitakupa kwa mstari wa penseli. Tutapima damu."

Damu ilikwenda Nairobi na msafara. Majibu yalichukua siku kumi na sita, na katika siku hizo nilipoteza nguvu za mguu wa kushoto, nilikuwa nauburuta. Majibu yalikuja: ndiyo, ni homa ile ya kijitabu. Nikalazwa. Sindano kila siku kwa wiki tatu, na vidonge vya tetrasaiklini kwa wiki sita. Masikio yalivuma, matako yakawa magumu kama ubao. Wiki ya pili jasho lilikoma. Wiki ya nne nilisimama bila ukuta. Daktari akakibandika kijitabu ukutani kwa misumari miwili, akaanza kuwauliza wenye homa wanakunywa nini. Katika mwezi huo alipata wengine watano.

Ningependa ushuhuda uishie hapo. Haukuishia.

Niliporudi nyumbani hooyo alikuwa na chombo cha maziwa mabichi mkononi. Nilikuwa nimekisoma kile kijitabu mpaka nikakikariri. Nilikuwa nimewahutubia wanafunzi juu ya kuchemsha. Lakini yule alikuwa mama yangu, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki katika mali yetu yote. Kuyakataa kungekuwa kumwambia kwamba ndiye aliyenitia sumu. Niliyanywa. Niliyanywa wiki saba, nikijiambia kwamba ngamia wetu ni wazima, ingawa mmoja alikuwa ametupa mimba mbele ya macho yangu.

Homa ilirudi, na mguu ukarudi kuburuzika.

"Ulikunywa nini?" Daktari Musyoka aliuliza. Nilipomwambia, hakupaza sauti. "Jana niliwarudisha nyumbani wawili wanaokohoa damu, dawa haikutosha. Sasa nitakupa wewe mara ya pili. Sina ya mara ya tatu. Nenda kamwambie mama yako, au nenda kamwambie achimbe kaburi."

Nilimwambia siku hiyohiyo, mbele ya zizi, huku nimeegemea fimbo. Nilimwambia yote, hata uvimbe. Hakulia.

"Kwa hiyo nilikunyonyesha ugonjwa."

"Hukujua, hooyo."

"Wewe ulijua." Akaligeukia zizi. "Huyo mtu wa kitabu, alichemsha maziwa ya ngamia akamwangalia chuchu?"

"Sijui. Hakuandika."

"Basi hajamaliza kazi. Nina wanne. Wakikauka wote, tunakula kitabu?" Alimshika jike mmoja shingoni, yule mwenye maziwa mengi kuliko wenzake. "Ya huyu nitayachemsha siku arobaini. Ya wengine hapana. Tutaona."

Abti alisema amerukwa na akili. Majirani walikuja kila asubuhi kumtazama chuchu yule ngamia, wengine wakitumaini kuikuta imepasuka. Mimi nilikuwa nadungwa sindano za mwisho zilizokuwepo, na nilihesabu siku zile kwa hofu kubwa kuliko niliyokuwa nayo kizuizini: akikauka, hooyo asingechemsha tena, na wala nisingekuwa na uso wa kumwomba. Siku ya kumi na mbili maziwa yalipungua. Hooyo akaangalia malisho, akasema amri ya jeshi ya kutotoka nje imewafunga ngamia wote zizini, tazama, na wale watatu wamepungua sawa naye. Mimi, mwenye digrii, sikuwa nimefikiria kulinganisha.

Siku ya arobaini aliita majirani, akamkamua mbele yao. Chuchu zilikuwa laini, povu likajaa chombo.

"Na mila?" jirani mmoja alimuuliza.

"Mila ilikuwa inachunga ngamia," hooyo alisema. "Ngamia ni mzima. Sasa nachunga mwanangu."

Nimepona. Natembea bila fimbo, na tangu hapo homa haijarudi. Namshukuru Mungu, na daktari aliyekubali kusoma cha mifugo, na sajini aliyesubiri zebaki ipande; na wawili waliorudishwa nyumbani nawaombea, kwa sababu dawa yao ni sehemu ya mwili wangu. Ndugu msomaji, kama homa yako inaondoka na kurudi, ipime, iandike, na umwambie daktari unachokunywa. Usifiche uvimbe. Maliza vidonge. Na wewe unayefanya utafiti kwetu ukaondoka na damu yetu, rudi na jibu, uliseme kwa mwenye kukamua, ungoje swali lake. Atakuwa nalo.