Mnunuzi wa ng'ambo akikwambia "tuyamalize wenyewe"

Kosa la wengi wanaouza vitu nje ya nchi ni kumjibu mlalamikaji pembeni, na kuuacha ukurasa wa malalamiko mtupu.

Nimekasirika, niacheni niseme.

Asubuhi hii Rehema, jirani yangu hapa Mtoni, kaja analia. Mumewe huchonga vinyago, yeye huviuza kwenye soko la mtandaoni. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo alidai kwenye ukurasa wa malalamiko wa soko hilo kuwa kinyago kimefika na ufa, anataka hela yake.

"Shikamoo mwalimu. Aliniandikia wasapu, tuyamalize wenyewe."

"Marahaba. Na kule sokoni mtandaoni ulimjibu?"

"Mbele za watu, mwalimu? Si ningemwaibisha?"

Jamani! Kwani huyo ni shemeji yako?

Wasuluhishi wa soko lile husoma ukurasa wao tu. Waliona Rehema kimya, wakamrudishia mnunuzi hela yote. Kinyago kabaki nacho.

Na leo kakipiga picha sebuleni kwake, kaitundika mtandaoni, anajisifu.

Nimeikuza picha ile kila upande. Ufa hakuna!

Nyie mngemwambia nini mtu huyu?

Muuzaji mwenye lalamiko lisilojibiwa, fungua ukurasa wa malalamiko leo, ujibu hapo hapo.