Siku Zangu na Siku za Wifi

Jumapili, tarehe 16 Machi 2025, nilipokuwa nimerudi kutoka ibada ya kwanza, nilipokea ujumbe wa binti yangu aliyeko Dodoma. "Shikamoo mama. Alama zako zimeshuka wiki sita mfululizo. Ijumaa nakuja. Nadhani sasa uhamie kwangu." Niliusoma nimesimama, kitabu cha nyimbo kikiwa bado mkononi. Nyumba yangu ya mtaa wa Kanyenye, hapa Tabora, niliijenga pamoja na marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa reli, na tangu alipofariki nimeishi humo bila kumwomba mtu anifungulie mlango. Sasa alama za kwenye kioo zilikuwa zinanitoa.

Alama hizo zilitoka kwenye kishikwambi alichoniletea Januari, chenye programu ya mazoezi ya kumbukumbu kwa wazee. Unafunua picha zilizofunikwa na kutafuta zinazofanana. Unasomewa maneno kumi, unafanya zoezi jingine, kisha unaulizwa maneno yale. Kila Jumapili programu humtumia yeye wastani wa wiki. Aliniambia wazi kwamba hayo si matibabu. Yataichangamsha akili yangu, alisema, na yeye ataona mapema kama kuna kinachobadilika. Nilianza Jumatatu, tarehe 13 Januari.

Sikuuogopa mtihani. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na sita, katika darasa la elimu ya watu wazima, mtoto mgongoni, na nilistaafu nikiwa karani wa masjala. Kwa maneno kumi nilikuwa na mbinu yangu. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na baba alinifundisha vituo vya njia ile ya misafara kwa mpangilio wake: Kwihara, Tabora, Kigwa, Rubuga, Tura, na kuendelea mashariki. Kila neno nililiacha kituoni. Kijiko Kigwa, taa Rubuga, mbuzi Tura. Nikiulizwa, nilipita tena njiani nikiyaokota.

Kosa lilifanyika wiki ya pili. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye amenizidi miaka mitatu na anakaa nyumba ya jirani, alinikuta katikati ya zoezi. Kwetu mtu haendelei kula mbele ya mgeni bila kumsogezea sahani. Nilimsogezea kishikwambi kama ambavyo ningemsogezea matobolwa, vile viazi vyetu vikavu vya kuchemsha.

"Mke wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani wa mawifi, "hiki kitu kinataka kujua mimi ni nani. Nikikiambia kweli, si kitazimika?"

"Bonyeza jina langu tu."

Nikampa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nikabaki nazo. Kila siku niliandika katika daftari tarehe na aliyecheza, kwa mazoea ya kazi. Binti yangu hatukumwambia. Kutumia chombo kimoja watu wawili halikuwa jambo la kutolea taarifa.

Kwa hiyo, niliposoma ujumbe ule, uamuzi wangu ulikuwa wa haraka: aliyeshuka ni wifi. Februari aliacha maharage jikoni mpaka yakaungua. Wiki iliyopita aliniuliza mara mbili mchungaji anarudi lini. Mimi nami, ni kweli, mara kadhaa nilifika Rubuga nikakuta patupu, lakini hayo niliyaweka kwenye hesabu ya usingizi mbaya.

Jumanne alikuja kucheza zamu yake. Nilikaa nikivitazama vidole vyake.

"Unanitazama kama mkaguzi."

"Cheza."

"Nacheza. Kumbe kaka yangu alioa askari, naye asituambie!"

Nilicheka, ilhali nilikwisha kuamua kumtaja. Nilijua kwamba yeye hana mtoto wa kuja kumsemea. Nilijua pia kwamba nikibaki nyumbani kwangu kwa njia hiyo, atakayeitwa mgonjwa ni yeye. Nilijiambia kwamba sisemi uongo.

Binti yangu alifika Ijumaa, tarehe 21, saa nane mchana. Alitusalimia, nasi tukaitikia marahaba. Alikunywa maji, akakaa karibu nami mno, kama watu wanaoleta habari ya msiba. Wifi alikuwa mkekani akichambua mchele. Sikungoja niulizwe. Nilileta daftari.

"Sichezi peke yangu," nilisema. "Siku tatu kila wiki ni za shangazi yako."

"Mama! Mbona hamkusema?"

"Hukuuliza."

"Nimeshitakiwa kwa kosa gani?" aliuliza wifi.

"Hakuna aliyekushitaki, shangazi."

"Basi mbona mama yako ameleta faili?"

Binti yangu alibonyeza mahali ambapo sikuwahi kubonyeza, na orodha ndefu ikajitokeza. Sikujua kwamba matokeo ya kila siku yalihifadhiwa humo. "Nitasoma tarehe zilizoshuka," alisema, "wewe utaniambia ni za nani. Tatu Februari."

Niliteremsha kidole kwenye ukurasa. "Jumatatu," nilisema. "Mimi."

"Saba."

"Ijumaa. Mimi."

"Kumi na mbili."

Hiyo sikuhitaji daftari. Jumatano. Kabla sijafungua kinywa, mikono ya wifi ilisimama juu ya ungo.

"Kumi na mbili tulibadilishana," alisema. "Mke wangu alikuwa na mafua. Nilicheza mimi."

Sauti yake haikutetereka hata kidogo. Binti yangu alinigeukia. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Tarehe moja ingefuatwa na nyingine, na mwishoni ningebaki na nyumba yangu, naye angebaki na ugonjwa wangu. Alikuwa ameelewa mapema kuliko mimi, na alikuwa amekubali.

"Hatukubadilishana," nilisema. "Tarehe kumi na mbili ulikuwa kule kijijini Ziba, msibani, ukarudi kumi na tatu asubuhi. Soma, mwanangu."

"Mama, inatosha."

"Soma."

Alisoma. Kumi na saba. Ishirini na nne. Tano Machi. Kumi na nne Machi. Nilizitaja siku moja moja, na zote zilikuwa zangu. Za wifi zilikuwa zimepanda kidogo.

"Kichwa kigumu namna hii," wifi alisema polepole, "halafu mnasema kinaharibika."

Binti yangu alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi sikucheka. Nilimwambia wifi, mbele ya mwanangu, kwamba daftari lile nililileta kwa ajili yake. "Niliona tangu Jumanne," alijibu, akaendelea na mchele.

Kuhusu Dodoma nilisema neno moja: nitahama daktari akisema, si kishikwambi. Jumatatu, tarehe 24, daktari alipima presha, sukari na masikio, akauliza habari za usingizi na vidonge ninavyomeza. Alisema alama za mchezo hazitoshi kumwita mtu mgonjwa, lakini pia si za kupuuza. Presha ilikuwa juu. Akabadilisha dawa na kunipangia kurudi tarehe 23 Juni. Binti yangu alikubali nibaki hadi siku hiyo. Hakuahidi zaidi, nami sikuomba zaidi.

Alimfungulia shangazi yake akaunti yenye jina lake mwenyewe. Jumatano, tarehe 26, kabla ya kuondoka, alitaka kuniona nikicheza. Walikaa wote wawili nyuma yangu. Maneno saba yalikuja. La nane halikuja. Niligeuka nikamwona wifi amebana midomo, alikuwa analijua.

"Usinisaidie," nilimwambia.

"Nimenyamaza, mke wangu."

Nikakirudia kioo, nikaendelea kutafuta.