Swali Alilofuta Kyule

Kyule Munguti wa Kitengela ni fundi wa kompaila. Mama mkwe wake alijaribu kuielewa kazi hiyo, akashindwa, akaamua kuwaambia watu kanisani kwamba mkwewe anatengeneza kompyuta. Basi na iwe hivyo. Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya waandishi wa programu na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inaelewa, na njiani hutupa yasiyo na kazi. Huko kutupa ndiko Kyule alikopenda. Alitupa kwa raha zake, kama mtu anayehamia nyumba ndogo.

Alichojivunia zaidi ni uchambuzi wa mipaka. Kompaila hujiuliza: thamani hii inaweza kushuka hadi wapi, na kupanda hadi wapi? Ikishajua, swali lolote ambalo jibu lake liko wazi hufutwa. Kyule aliiandika sehemu hiyo mwenyewe, akakumbuka hata thamani zisizo na mwisho, na kwenye mkutano wa kazi akajisifu mpaka Wamaitha, mwenzake aliyeandika programu ya pampu, akazima kamera yake. Kyule alidhani ameguswa moyo.

Toleo jipya la programu hiyo, lililopitia kompaila ya Kyule, likatumwa kwenye vifaa vya kuendesha pampu. Kimoja kilikuwa Kisaju kwa Soipan, mama mwenye ng'ombe wa maziwa na kisima kirefu, na Kyule ndiye aliyemshawishi akiweke. "Mama, wewe pumzika," alimwambia siku hiyo, kifua mbele. "Hii kitu itafikiria kwa niaba yako."

Asubuhi moja ya kiangazi, simu ikalia.

"Sopa, Baba Nthambi," Soipan akamsalimu Kimaasai, akimwita Kyule kwa jina la mwanawe.

"Ipa, mama. Ng'ombe wako sawa?"

"Ng'ombe wanaogelea. Tangi imemwagika tangu alfajiri, kisima imekauka, na hii kitu yako bado inafikiria. Nimezima switch kubwa, lakini pampu inanuka kuungua."

Kyule aliingiwa na baridi. Pampu ikiungua, ng'ombe wale hawana maji mengine, na kiangazi bado kibichi. Alishika laptop, akavaa viatu vyake vya ofisini, ofisi yenyewe ikiwa ni meza ya kulia chakula, akakimbilia Kisaju.

Alipofika alikuta mbuzi ametafuna waya wa kipimo cha maji ndani ya tangi. Loo, alivyofurahi. Mtu mzima, amesoma, anamfurahia mbuzi. Akampigia Wamaitha simu kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Si sisi. Ni mbuzi."

"Mbuzi nilimtarajia," Wamaitha akasema. "Nilimwandikia swali lake. Liko wapi?"

Wamaitha akamweleza polepole, jambo ambalo lilimuuma kuliko kutukanwa. Kifaa hujumlisha vipimo vilivyo sahihi na kugawanya kwa idadi ya vipimo hivyo, ili kupata wastani. Waya ukikatika hakuna kipimo hata kimoja, kwa hivyo ni sifuri kugawanywa kwa sifuri, na jibu linalotoka si namba. Mafundi huliita NaN. Liulize kama liko chini ya kipimo cha kujaa, litasema hapana. Liulize kama limefika au kupita, hapana vilevile. Ndiyo maana Wamaitha alikuwa ameandika: ukipata hapana mara zote mbili, zima pampu.

Kyule alilikumbuka swali hilo vizuri. Kompaila yake ilikuwa imesema kwamba maji yasipokuwa chini ya kipimo, lazima yamefika au yamepita, kwa hivyo mtu aliyeandika swali la tatu alikuwa anaota. Alikuwa amelicheka peke yake mezani. Lilipofutwa, likabaki agizo moja tu: tangi likijaa zima, la sivyo endelea. NaN haijai kamwe.

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Maji yaliporudi kisimani, Soipan akawasha pampu, na wote wawili wakasimama wakisikiliza. Ilikohoa, ikatema tope, kisha maji yakapanda. Kyule alitamani kuikumbatia.

"Kifaa nisiiamini?" Soipan akauliza.

"Bado, mama. Narekebisha leo leo. Kwa sasa nitakaa hapa nizime kwa mkono."

Soipan akaenda kukamua. Kyule akakaa juu ya mtungi uliopinduliwa kando ya swichi, laptop magotini. Dawa yenyewe haikuwa ngumu: pembeni ya mpaka wa chini na mpaka wa juu, kompaila iweke alama ya kusema "na huenda si namba", na kila mgawanyo uiwashe alama hiyo mpaka ithibitike kwamba kigawanyo si sifuri. Ikiwepo alama, hakuna kufuta swali. Akaandika, akajaribu, akaandika tena. Kazi ilikuwa imemnogea hasa pale aliposikia miguu ikiwa baridi.

Maji yalikuwa yamefika kwenye kamba za viatu. Juu yake, tangi lilikuwa linamwagika pande zote.

Soipan akapita mbele yake na ndoo ya maziwa, akaiweka chini, akazima swichi. Hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, na hiyo ndiyo ilimmaliza Kyule.

"Baba Nthambi," akasema, "simama kidogo. Nipe huo mtungi, nitakaa mimi."

Kyule akampa, akaenda kumalizia kazi yake karibu na mbuzi.