Gunia Nililokataa Kubeba

Sheria za utafiti nilizikariri chuoni kama mtoto anavyokariri sala: mhojiwa awe peke yake, asidokezewe jibu, asipewe msaada wowote, asije akajibu ili kukupendeza tu. Nilizijivunia mno. Ndizo nilizoenda nazo Muhuru Bay, pamoja na fomu za kupima huzuni ya wajane.

Kule kumpata mtu peke yake ni kazi. Omena, dagaa wa ziwani, zikishaanikwa juu ya nyavu, hakuna anayeondoka. Mvua ikizikuta, jasho la siku nzima limepotea. Basi nikamhoji mjane mmoja papo hapo, mama mkwe wake akigeuza omena hatua tatu tu kutoka tulipokaa. Nikajiambia hiyo nayo ni faragha. Uongo mtupu.

Nilimuuliza kama, kwa wiki mbili zilizopita, aliwahi kutamani asiwepo duniani.

"Hapana," akajibu kwa sauti ya kanisani. "Mungu ni mwema."

"Kila wakati," mama mkwe akaitikia.

Nikaandika sifuri. Mkono wa yule mjane ulikuwa ukigeuza omena zile zile alizokwisha kuzigeuza. Niliona, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika habari za mikono.

Nilipofunga faili mjane akasema, akiniita kwa Kijaluo binti wa Rangwe, "Nyar Rangwe, nisaidie kubeba hii gunia mpaka stoo."

"Pole, mama, kazi yetu hairuhusu," nikamjibu.

Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na gunia lenyewe halikufika hata nusu. Hilo nalo niliona. Akajitwika, akaenda zake, akageuka kuniangalia mara moja.

Wiki mbili baadaye nilirudi na maswali yale yale, maana kipimo kizuri, tulifundishwa, hutoa jibu lile lile mara ya pili. Sikumkuta. Alikuwa ameingia ziwani mwenyewe alfajiri moja, wavuvi wakamwahi wakamtoa akiwa hai, na kaka yake akamchukua kwake.

Nilimfuata huko siku hiyo hiyo. Alikuwa amejifunika leso mbili kwenye jua kali. Hakunifukuza, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mimi niliona umesoma, nikasema utaelewa," alisema. "Kwetu mtu akiwa na neno, anaomba mwenzake amsaidie kubeba. Huko njia ya stoo hakuna mtu anasikia."

Nikaanza kulia, mtafiti mzima.

"Wacha kulia, nyathina, mtoto wangu. Uliza sasa."

Niliweka fomu chini ya kiti, nikauliza. Alizungumza hadi kivuli cha nyumba kikatufikia, na kesho yake nilimsindikiza kwa mshauri wa hospitali.

Msimamizi wangu alisikitika kweli, ila akasema jibu la kwanza haliguswi, kwani ndivyo alivyosema mjane mwenyewe. Lipo hadi leo. Kwenye jedwali la ripoti yetu, miongoni mwa wajane wasio na shida, yumo na yeye, na sifuri ile ni ya mwandiko wangu.